Jua la Katikati ya Kimbunga

Karafuu mbichi ina harufu yake. Karafuu kavu nayo ina yake. Lakini ipo ile ya siku ya pili juani, si mbichi tena na kavu bado. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Nikiisikia, nasimama njiani. Wanangu hunicheka. Waache wacheke. Wao wamekulia kwenye simu, mimi nimekulia kwenye jamvi.

Naitwa Rahma. Nakaa Ole, Pemba. Asubuhi nalima muhogo, jioni nafundisha darasa la kisomo. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengine wamenizidi umri. Kisa hiki nimewaandikia wao kwanza. Wengi walikuwapo siku ile. Nikikosea, watanirekebisha, tena bila kunionea haya. Nawajua.

Zamani, msimu wa karafuu ulikuwa kama sikukuu. Skuli zilifungwa ili watoto tukachume. Jamaa walitoka Madungu, wengine Kojani, wakalala kwetu wiki nzima. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, wanaimba. Jioni tunakaa barazani tunachambua, karafuu huku, vikonyo kule. Vidole vilikuwa vyeusi, migongo inauma, na vicheko havikatiki. Leo jamaa wako Unguja, wako Dar es Salaam, wako Muscat. Wanatuma salamu kwa simu, basi.

Wawili tu hawakuiacha kazi ya kuchambua pamoja barazani. Mmoja ni mama yangu, Bi Mwanawema. Wa pili ni jirani yake, Bi Zulekha. Viwanja vyao vya kuanikia vilipakana. Kwa miaka arubaini walichambua karafuu kwenye baraza moja, na walichokozana tangu alasiri mpaka magharibi.

"Zulekha, umechanganya vikonyo tena," Mama husema.

"Macho yako hayo, Mwanawema. Nenda kapimwe."

"Nipimwe mimi? Jana ulimsalimia mbuzi ukidhani ni Jaribu."

"Basi si wanafanana."

Jaribu ni jirani yetu, mchumaji hodari. Kwa maneno hayo alicheka kuliko wote.

Sasa nieleze ada yetu moja, desturi ya hapa, maana kisa chote kimekaa hapo. Karafuu huanikwa juani siku kadhaa, juu ya majamvi. Mvua ikizinyeshea, zinaharibika. Kwa hiyo kwetu, mtu yeyote akiona wingu linakuja, anapiga ukelele, "Anueni!" Kila anayesikia anakimbia. Hawaulizani ni za nani. Mama aliwahi kununiana na jirani mmoja miezi mitatu, hawasalimiani. Wingu likaja. Mama akaenda kumwanulia karafuu zake mpaka punje ya mwisho, kisha akarudi nyumbani na kununa kwake.

Na mvua ikikatika, ni mbio zilezile. Karafuu mbichi haikai rundo. Ikilala rundo inapata joto, inavunda, inageuka rangi. Mnunuzi anaitazama mara moja tu, anakwambia bei ya kukuliza. Ndiyo maana jua likichomoza, kila mtu anatoka na jamvi lake. Hatufikiri. Mawingu, tunaanua. Jua, tunaanika. Miguu yetu inajua yenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa Disemba, tulikuwa kwenye mavuno ya vuli. Karafuu za Mama zilikuwa na siku mbili juani. Ndizo zilizokuwa tegemeo lake la mwaka mzima. Asubuhi nilifungua redio. Mtangazaji alisema kutakuwa na mvua na upepo wa kiasi. Akasema kuna dhoruba ndogo iko mbali baharini, upande wa mashariki. Wavuvi wachukue tahadhari.

"Wasemaje?" Mama aliuliza.

"Upepo wa kiasi. Wameonya wavuvi."

"Siye si wavuvi," alisema Mama.

"Nami naona hivyo."

Nikazima redio. Nilitaka betri zikae mpaka wiki ijayo. Simu yangu ilikuwa haina chaji, nikaiacha ndani. Mimi, mwalimu wa kisomo, nikaenda zangu shamba kung'oa muhogo. Kosa la kwanza la siku ile lilikuwa langu, na silitupii mtu.

Saa sita mchana upepo ulikuwa umeshashika kasi. Wingu lilikuwa jeusi upande wote wa mashariki. Ukelele wa "Anueni" ulipigwa, tukaanua. Tulikuwa tunafunga majamvi ndipo Fahmi alipofika kwa pikipiki. Fahmi ni kijana wa hapa hapa, anafanya kazi ya hali ya hewa. Anapima mvua, anapima upepo, anasoma ripoti. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, lakini wenzake walimpigia simu.

"Bi Rahma, umesikiliza redio?" aliuliza. Hakuzima hata injini.

"Nimesikiliza asubuhi."

"Asubuhi imeshapita. Kile kidhoruba kimekuwa kimbunga."

"Kimbunga? Wewe si ndiye uliyesema hapa petu havifiki?"

"Nilisema ni nadra. Hiki kinakuja. Kitatufikia baada ya saa moja au mbili. Watu wote waende skuli ya ghorofa, ile ni zege tupu."

"Na mbona hamkusema mapema?"

Fahmi alinitazama. Uso wake ulikuwa umemshuka. "Hatukujua, Bi Rahma. Jana kilikuwa kidogo. Leo alfajiri kilikuwa kidogo. Saa nne kimekuwa kikubwa. Na sisi kimetukamata."

Akaondoka nyumba kwa nyumba. Umeme ulikuwa umeshakatika, kipaza sauti cha msikitini hakikulia. Ilibidi apige hodi kila mlango.

Mama hakukataa kwenda, kwa sababu karafuu zilikuwa ndani. Alizirundika chumbani, akazifunika majamvi, akafunga mlango kwa kufuli. Bi Zulekha akafanya vivyo hivyo kwake. Kisha wakatoka wamefuatana, kila mmoja na kikapu chake, wakilaumiana nani amechelewesha safari. Niliwashika wanangu mikono. Tukafika skuli pamoja na watu mia na zaidi.

Saa nane kimbunga kilitufikia. Sikuwahi kusikia upepo wa namna ile. Ulitoka kusini na haukupumzika. Mabati yaling'oka, tukayaona yakipita juu ya uwanja. Minazi ililala yote upande mmoja, kuelekea kaskazini. Watoto walilia, kisha wakachoka kulia. Mama na Bi Zulekha walikaa pembeni wameshikana mikono, wanasoma kila aya waliyoijua. Tulikaa hivyo kwa muda wa saa mbili hivi.

Ghafla upepo ulikata.

Ulikata kabisa. Mvua nayo ikakoma. Tukaanza kusikia maji yakichuruzika kwenye paa. Halafu jua likatoka. Jua zuri, jeupe, likaingia dirishani mpaka sakafuni.

Jaribu alikuwa wa kwanza kunyanyuka. "Alhamdulillahi," alisema, akatoka. Wakamfuata wawili, wakawa kumi, wakawa ishirini. Hakuna aliyeuliza kitu. Mapaa yameng'oka, karafuu zimelowa, jua limetoka. Miguu ikaenda.

Na mimi nilinyanyuka. Nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nawaza jamvi. Fahmi alikuwa ghorofani, anawafunga kitambaa watu walioumizwa na vioo. Aliposikia kelele za watu wanatoka, alishuka ngazi mbiombio.

"Rudini," aliita. "Rudini ndani, hakijapita."

"Jua hilo, Fahmi," nilimwambia.

"Bi Rahma, umewahi kukoroga uji kwa mwiko, haraka haraka?"

"Kila siku."

"Pembeni uji unazunguka. Katikati panafanya kishimo, pametulia. Kimbunga ndivyo kilivyo. Siye sasa tumo katika kile kishimo. Nusu nyingine inakuja, na upepo utatoka upande wa pili."

"Tuna muda gani?"

"Sijui. Pengine nusu saa, pengine hata robo hatuna."

Niligeuka kumtafuta Mama. Pale pembeni hapakuwa na mtu. Vikapu viwili vilikuwa vimekaa peke yake.

Nikawaacha wanangu kwa Fahmi, nikakimbia. Kutoka skuli mpaka kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Siku ile sijui nilitumia ngapi. Nilivuka minazi iliyoanguka, nikapita katikati ya madimbwi. Nilimkuta Mama kiwanjani. Ametandaza jamvi, anamwaga karafuu. Bi Zulekha alikuwa kiwanjani kwake, hatua ishirini tu kutoka hapo, anafanya kazi ileile. Nyumba yake ilikuwa imepoteza nusu ya paa, na yeye anaanika.

"Afadhali umekuja," Mama alisema. "Shika ncha hiyo."

"Mama, turudi. Kimbunga kinarudi."

"Kinarudi kutoka wapi? Tazama mbingu."

Nilitazama. Juu ilikuwa buluu. Lakini pembeni, pande zote, palisimama ukuta wa mawingu.

"Fahmi amesema hii ni katikati yake."

"Fahmi huyo huyo ambaye wenzake walisema upepo wa kiasi?"

Bi Zulekha alicheka kutoka kwake. "Mjibu hilo, Rahma."

Nilimshika Mama mkono, akauvuta. Alikuwa na hasira. "Karafuu hizi zikilala rundo leo, kesho sina kitu. Wewe una shamba lako. Mimi nina nini?"

"Una mimi," nilisema. Nilikuwa nalia. "Mama, asubuhi nilizima redio. Nimekosea. Tafadhali usiniache nikosee mara ya pili."

Mama akaachilia ncha ya jamvi.

"Zulekha, twende," aliita.

"Tangulieni. Namalizia jamvi hili, nakufuateni."

"Zulekha."

"Nakuja, Mwanawema. Nina miguu."

Nilitaka kwenda kumburuta. Lakini mawingu ya mashariki yalikuwa yameshasogea, na Mama hawezi kukimbia peke yake. Ilinibidi nichague. Nilimshika mama yangu, tukaondoka. Njiani nilipaza sauti kwa kila mtu niliyemwona, na wengi walitufuata. Jaribu alimbeba mzee mmoja mgongoni.

Tulikuwa kwenye uwanja wa skuli tuliposikia mngurumo. Safari hii ulitoka kaskazini. Mama alisimama, akageuka nyuma. Nilimvuta. Upepo ukatupiga, ukatutupa kwenye ngazi za skuli. Nilisikia mfupa wa mkono wa Mama ukivunjika. Fahmi na Jaribu walituvuta ndani, wakafunga mlango.

Mlangoni Mama hakuuliza habari ya mkono. Aliuliza, "Zulekha kaja?"

Bi Zulekha hakuja. Tulimkuta baada ya magharibi, kimbunga kilipokwisha kupita. Mkarafuu wake mwenyewe ulimwangukia. Upepo wa kusini uliulegeza mizizi, upepo wa kaskazini ukaumaliza. Karafuu zake zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na harufu ilikuwa ile ya siku ya pili. Tulimzika kesho yake asubuhi. Mungu amrehemu.

Baada ya msiba Mama alinyamaza. Alikaa barazani na mkono wake kwenye bandeji, anatazama kiwanja cha pili. Nilimletea chai ikapoa. Nilimletea kazi nyepesi akaiacha. Siku moja nilimkuta anachambua karafuu chache kwa mkono mmoja. Amekaa upande wake wa baraza, upande wa pili ameuacha wazi. Nilirudi ndani taratibu. Wallahi nililia jikoni mpaka wali ukaungua.

Wiki ya tatu nilimwomba Fahmi aje darasani kwangu. Alikuja, na sheha wetu, kiongozi wa mtaa, naye akaja. Darasa lilijaa, watu wengine walisimama madirishani. Mama alikaa mbele.

Jaribu hakungoja salamu ziishe. "Mlitwambia upepo wa kiasi. Bi Zulekha kafa kwa upepo wa kiasi?"

Fahmi alisimama. "Maneno yako ni ya haki," alisema. "Utabiri wa asubuhi haukuwa sawa. Nikwambieni ilivyokuwa. Kimbunga kinapata nguvu kwenye joto la maji ya bahari. Mwezi ule bahari ilikuwa na joto sana. Kidhoruba kilipofika kwenye maji yale, kikapata chakula. Kikakua ndani ya saa chache. Kukua kwa ghafla namna hiyo ni kazi ngumu kukujua mapema. Siye na wenzetu wa nchi nyingine, bado kunatuhangaisha."

"Sasa utabiri wenu wa kazi gani?"

"Utabiri ni kama habari ya mgonjwa, Jaribu. Ukiambiwa asubuhi mgonjwa hajambo, jioni huulizi tena?"

"Nauliza."

"Basi. Saa nne tulitangaza upya. Tulisema ni kimbunga, watu wakae mahali madhubuti."

Niliinua mkono kama mwanafunzi. "Saa nne redio yangu ilikuwa imezimwa," nilisema. "Nilisikiliza mara moja, nikaona nimemaliza."

Kisha bibi mmoja akasema, "Na mimi." Mwengine akasema, "Na mimi." Tukajikuta karibu sote.

Fahmi alichora duara kubwa ubaoni, na ndani yake duara dogo. "Hapa katikati panaitwa jicho la kimbunga," alisema. "Kimbunga kikikupitia kwa pembeni, hutaliona. Kikikupitia kwa katikati, upepo utakata ghafla, na jua linaweza kutoka. Hapo ndipo watu hufa, kwa sababu hudhani kimekwisha. Upepo wa pili unatoka upande mwengine. Miti iliyolegea ndipo inapoanguka. Paa lililolegea ndipo linapoondoka."

"Tutajuaje kama kimekwisha kweli?" aliuliza sheha.

"Kwa macho, huwezi kujua. Mtasubiri neno kutoka ofisi yetu. Litakuja kwako, wewe utawaambia watu. Kabla ya hapo, mtu asitoke."

Ndipo Mama akazungumza. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa kimya.

"Fahmi, mwanangu, nimekusikia. Lakini miguu yangu haisubiri neno. Jua likitoka, inakwenda. Nimefanya hivyo tangu nina miaka sita. Zulekha vilevile. Alikufa kwa ada, kwa sababu alijua rundo litavunda. Ukitaka nikae ndani, niambie karafuu zangu zitakaaje."

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Tulizungumza habari ya upepo tu, na jambo lililotutoa nje lilikuwa ni rundo la karafuu. Fahmi alikuna kichwa. "Hilo si fani yangu, Bi Mwanawema."

"Ni fani yetu," alisema Jaribu. Akafikiri. "Karafuu huvunda kwa kurundikwa. Zikitandazwa ndani, nyembamba, zikapata hewa, zinavumilia siku mbili, hata tatu. Hazitakuwa nzuri sana, lakini hazitaoza."

"Nyumbani kwangu hakuna nafasi ya kutandaza," alisema Mama.

"Skuli ipo," nilisema. "Madarasa ya chini, Disemba hayana wanafunzi."

Sheha aliahidi kuzungumza na mwalimu mkuu. Na alizungumza kweli, namsifu kwa hilo, kwa sababu sheha wetu ni mwepesi wa kuahidi.

Tangu siku ile mambo yalibadilika Ole. Kila baada ya sala, mtu mmoja katika kila nyumba anasikiliza habari za hali ya hewa. Sala ni tano, basi habari ni mara tano. Hiyo ilikuwa fikra ya Mama. Alisema siye tunasahau kila kitu lakini hatusahau sala. Ukelele wetu wa kuanua nao umepata kazi nyengine. Tahadhari ikitolewa, hatungoji umeme wala kipaza sauti. Mmoja anapiga ukelele, wa pili anaupokea, na ndani ya muda mfupi mtaa mzima una habari. Mabati tumeyafunga kwa waya mpaka kwenye nguzo. Matawi yanayoning'inia juu ya nyumba tumeyakata. Kila nyumba ina mfuko wa nailoni wenye vyeti, dawa na tochi, na maji ya kunywa karibu yake.

Jaribu alilalamika kwamba tunaishi kama wanajeshi. Lakini mfuko wake ndio ulikuwa wa kwanza kufungwa.

Disemba iliyopita, baada ya sala ya alfajiri, redio ilitaja dhoruba mashariki. Safari hii mtangazaji aliongeza maneno: inaweza kukua ghafla, endeleeni kusikiliza. Tukaendelea. Baada ya adhuhuri wakasema imekua. Ukelele ukapigwa. Tulianua karafuu mapema, upepo ukiwa bado mdogo, tukazibeba kwa mapakacha mpaka skuli. Tukazitandaza madarasa matatu ya chini, nyembamba. Kisha tukapanda juu na watoto na wazee. Ngazi nzima ilinukia karafuu. Nilijihisi niko tena kwenye baraza la utoto wangu, na watu wote wapo.

Upepo ulikuja. Ulitikisa madirisha kwa saa nzima. Halafu ukakata, na jua likatoka.

Baadaye tuliambiwa kimbunga kilikuwa kimepita mbali, na upepo haukurudi. Lakini wakati ule hatukujua. Tulijua tu kwamba nje kuna jua. Nilitazama watu. Kila mmoja alikuwa anatazama dirisha. Jaribu alikuwa amekalia mikono yake.

Sheha alisimama katikati ya chumba. "Nitaita majina," alisema. "Nataka kujua kama sote tumo." Hakuwa na orodha mpya. Alitoa mfukoni karatasi za zamani, zile za siku ya kugawiwa vyandarua. Akavaa miwani.

"Bakar Hamad."

"Nipo."

"Jaribu Ridha."

"Nipo, na nimekaa." Watu wakacheka kidogo.

"Mwanawema Nyange."

"Nipo," alisema Mama.

"Zulekha Jecha."

Sheha aligundua alichokisoma. Nilimshika Mama mkono, ule uliovunjika, ambao mpaka leo haunyooki. Hakuutoa. Alikuwa anamtazama sheha usoni.

"Huyo hayupo," alisema Mama. "Soma anayefuata."

Sheha akasoma jina la chini yake, likaitikiwa. Akasoma jengine, likaitikiwa. Akaendelea mpaka karatasi zikaisha. Nje jua lilikuwa linawaka, na hakuna mtu aliyenyanyuka.